Akili Tuliyoamrishwa Kuitumia



Surat Al-Fil wengi wenu mliihifadhi utotoni, chuoni, kabla hata ya kujua kuandika majina yenu. Aya zake ni tano tu. Zinasimulia habari za watu wa ndovu, ambao wanazuoni wanawataja kuwa ni Abraha na jeshi lake lililotoka Yemen kwenda kuivunja Al-Kaaba, na jinsi Mwenyezi Mungu alivyowapelekea makundi ya ndege waliowapiga kwa mawe hata wakaangamia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, aliandika tafsiri ya Juzuu Amma ili isomeshwe katika shule za jumuiya ya hisani ya Waislamu nchini mwake. Alipofika kwenye sura hii aliandika maneno yaliyozua mjadala ambao haujazimika mpaka leo. Alisema inajuzu kuamini kwamba ndege hao walikuwa jamii ya mbu au nzi wanaobeba vijidudu vya maradhi, na kwamba yale mawe yalikuwa udongo wenye sumu, uliokauka, ukapeperushwa na upepo na kunata miguuni mwa wadudu hao. Ulipoigusa ngozi ya askari ukapenya mwilini, vidonda vikatoka, nyama zikapukutika. Akategemea riwaya za zamani zisemazo kuwa ndui na surua vilionekana Uarabuni kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Kwa nini Sheikh alikimbilia vijidudu? Tuutazame wakati wake. Mwaka 1883 kipindupindu kiliipiga Misri, na tabibu wa Kijerumani Robert Koch akafika Alexandria kutafuta mdudu anayekileta. Mwaka 1902 kipindupindu kikarudi, kikaua maelfu kwa maelfu. Kwa Mmisri wa zama zile kijidudu hakikuwa neno la kitabuni. Kilikuwa adui aliyeingia nyumba kwa nyumba, asiyeonekana kwa macho, na ambaye majeshi makubwa yalishindwa naye. Sheikh Abduh aliona hapo mfano wa uwezo wa Mwenyezi Mungu: kiumbe dhaifu kabisa kinamwangusha mfalme mwenye ndovu.

Miaka hamsini hivi baadaye, Mmisri mwingine, Sayyid Qutb, ambaye serikali ilimnyonga mwaka 1966, aliijibu tafsiri hiyo ndani ya kitabu chake Fi Zilal al-Qur'an. Hakumtukana Abduh. Alieleza kwamba Sheikh alikuwa akipambana na ushirikina na hadithi za uongo zilizojazana vichwani mwa watu, na kwamba sayansi ya Ulaya ilikuwa imewatia watu wa zama zake kiwewe. Lakini alimwona amevuka mpaka. Muujiza na jambo la kila siku, kwa hoja ya Qutb, vyote vimetoka kwa Mola mmoja. Kuchomoza kwa jua ni ajabu vilevile. Kwa nini basi tuyafanye yale tuliyoyazoea kuwa mizani ya kuipimia Qur'ani?

Ndugu msikilizaji, mimi katika jambo hili la ndege naona Qutb ana haki. Qur'ani imetaja ndege na imetaja mawe, na aliyeisikia Makka hakuelewa mbu. Sheikh Abduh aliivika aya nguo iliyoshonwa na madaktari wa siku zake. Hata hivyo, swali alilolibeba Abduh ni kubwa kuliko kosa lake, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo: Mwislamu anapoambiwa na Qur'ani atumie akili, anaambiwa afanye nini hasa?

Tuanze na Qur'ani yenyewe. Wasomi waliohesabu wanasema kutumia akili kumetajwa humo mara 49 kwa mzizi huu wa neno akili, na kila mara kumetajwa kama kitendo. Hakuna hata pahali pamoja ambapo akili imetajwa kama mali aliyonayo mtu, ya kuringia. Mtu anaulizwa tu: je, unaitumia? Na Surat Al-Hajj, aya ya 46, inakiweka kitendo hicho moyoni. Inazungumza juu ya watu wanaotembea katika ardhi, wakapita kwenye magofu ya mataifa yaliyoangamia, na bado nyoyo zao hazifahamu kitu. Inahukumu kwamba upofu wenye hasara ni ule wa moyo ulio kifuani.

Sasa tazama mahali ambapo lawama hiyo ya kutotumia akili inatokea. Tungetarajia itokee kwenye mbingu na nyota na mvua, na kweli hutokea huko. Surat Al-Baqara aya ya 164 imepanga mbingu na ardhi, usiku na mchana, majahazi baharini, maji yanayoifufua ardhi, wanyama, pepo na mawingu, vyote kuwa dalili kwa watu wenye kufahamu. Lakini ndani ya sura hiyohiyo, aya ya 44, lawama hiyo imeelekezwa kwa watu wanaowaamrisha wenzao kutenda wema wakajisahau nafsi zao, ilhali wanasoma Kitabu. Wanaulizwa kama hawana akili. Na katika Surat Al-An'am, aya ya 151, baada ya kukatazwa shirki, na kuamrishwa wema kwa wazazi, na kukatazwa kuua watoto kwa sababu ya umaskini, na uchafu wa siri na wa dhahiri, na kuua nafsi, Qur'ani inasema hayo ndiyo mliyousiwa mpate kutia akilini.

Kwa hiyo mhubiri anayekataza riba huku anakula mali ya yatima, kwa mizani ya Qur'ani ana upungufu wa akili, hata akiwa na shahada tatu. Mtu mwerevu wa kupindua hesabu za msikiti si mwenye akili. Akili hapa ni kitendo cha mtu kuliona jambo, kulikubali, kisha kujifunga nalo. Ndiyo maana Surat Al-Isra, aya ya 36, ikamkataza mtu asifuate asilolijua, ikamwonya kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Kufikiri kuna hesabu Siku ya Kiyama kama ilivyo kwa swala na zaka.

Na tusidhani kwamba Qur'ani inakisifu kila kichwa kinachofikiri. Fungueni Surat Al-Muddaththir, kuanzia aya ya 18. Pale ametajwa mtu aliyefikiri na kupima, akalaaniwa kwa jinsi alivyopima, akalaaniwa tena, kisha akatazama, akakunja uso, akageuka kwa kiburi, akasema huu ni uchawi ulionakiliwa. Wafasiri wanamtaja kuwa ni Walid bin Mughira, mkuu wa ukoo wa Makhzum, mtu wa mali na watoto wa kiume, tena mjuzi wa mashairi. Wanasimulia kwamba aliisikia Qur'ani ikamwingia, na akakiri mbele ya watu wake kuwa haya si mashairi wala si maneno ya makuhani. Makuraishi wakaingiwa na hofu: Walid akisilimu, Makka yote itamfuata. Akaendewa, akachokozwa, akaambiwa sema neno watu wajue kwamba umeikataa. Hapo ndipo akakaa akafikiri.

Kufikiri kwake hakukuwa na kasoro ya ufundi. Alizipitia hoja moja moja, akaitupa ile ambayo watu wangeicheka, akaichagua itakayoshika. Ubovu ulikuwa kwingine. Jibu lilikuwa limeshakatwa kabla hajaanza. Alichokuwa akitafuta ni maneno ya kulifunika, ili cheo chake kisimame. Mimi kila nikiisoma sehemu ile huogopa, maana wengi wetu hufikiri hivyo. Tunaanza na matakwa, kisha tunaitafutia nafsi yetu hoja. Aliyezama katika mila ya wazee hufanya hivyo, na aliyezama katika vitabu vya kisasa hufanya hivyo pia. Yeyote atakayezungumza juu ya akili na Qur'ani bila ya kumtaja mtu yule wa Al-Muddaththir amesema nusu.

Turudi Misri. Muhammad Abduh alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Delta ya Nile. Alipokuwa kijana alipelekwa kusoma katika msikiti wa Ahmadi mjini Tanta, na huko akamezeshwa sharhi za sarufi asizozielewa hata kidogo. Walimu walitumia maneno ya ufundi kana kwamba mtoto amezaliwa nayo. Akatoroka. Alikata tamaa na elimu kabisa, akataka kulima, mpaka mzee mmoja wa jamaa zake, Sheikh Darwish, alipokaa naye na kumsomesha pole pole, akimweleza kila sentensi ina maana gani. Yule mkimbizi wa Tanta ndiye aliyekuja kuwa Mufti wa nchi mwaka 1899, na mwaka huohuo akaanza kufasiri Qur'ani katika msikiti wa Al-Azhar. Aliendelea hadi kifo chake mwaka 1905, akiwa amefika ndani ya Surat An-Nisa. Mwanafunzi wake kutoka upande wa Shamu, Rashid Rida, aliyaandika masomo hayo, akayatoa katika jarida lake Al-Manar lililoanza Cairo mwaka 1898, na baada ya kufa mwalimu akaendelea mwenyewe mpaka ndani ya Surat Yusuf.

Vita vya Abduh vilikuwa na taklidi, yaani kufuata kauli ya mtu bila kuijua hoja yake. Katika mjadala wake na mwandishi Farah Antun juu ya mwanafalsafa Ibn Rushd, miaka ya 1902 na 1903, alitaja misingi ya Uislamu, na msingi wa kwanza akauweka kuwa ni kutazama na kuchunguza kwa akili ili kufikia imani. Msingi wa pili: matini ikionekana kwa dhahiri yake kugongana na yale ambayo akili imeyathibitisha, akili hutangulizwa, na matini ama maana yake hurudishwa kwa Mwenyezi Mungu, ama hufasiriwa kwa kanuni za lugha. Maneno mazito hayo. Kuna waliomwona amefungua mlango wa fujo. Lakini someni Risalat al-Tawhid, kitabu chake cha mwaka 1897, mtaona alivyoweka mpaka. Akili, anaeleza, yaweza kujua kwamba yuko Muumba, na kwamba wema ni wema. Haiwezi kujua peke yake idadi ya rakaa wala hali za Akhera. Hayo inapokea kwa Mtume, na kupokea huko nako ni kazi ya akili iliyokwisha kumhakiki Mtume kuwa mkweli.

Alipokuwa Mufti, mwaka 1903, ilimfikia barua kutoka barani kwetu, kusini mwa Afrika, jimbo la Transvaal. Mwislamu mmoja alikuwa na maswali matatu. Je, Waislamu wa huko wavae kofia za Kizungu kwa ajili ya shughuli zao? Je, wale nyama iliyochinjwa na Wakristo wa nchi ile kwa namna yao? Na je, mfuasi wa madhehebu ya Shafii aswali nyuma ya imamu wa Hanafi? Abduh akajibu kwamba inajuzu. Misri ikachafuka, magazeti yakamshambulia. Watu walitaka ajibu kutoka vitabuni tu, naye aliangalia watu wanaishi wapi, wanaishi na nani, na ni dhara gani litawapata wakibanwa pasipo sababu.

Upepo huo ulifika pwani yetu. Al-Manar lilisomwa Unguja na Mombasa, mikononi mwa wale waliojua Kiarabu. Na mtu aliyeuchukua ujumbe wake akaugeuza kuwa Kiswahili cha barazani alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianza karatasi yake iitwayo Sahifa, na mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, Kiswahili na Kiarabu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947.

Nataka nikae kidogo kwa Sheikh Al-Amin, kwa kuwa vijana wetu wanayajua majina ya Cairo na Madina kuliko jina lake. Makala zake, zilizokusanywa baadaye kwa jina la Uwongozi, hazikuwa falsafa. Ziligusa arusi zinazowatia watu madenini. Ziligusa wasichana waliofichwa wasisome. Ziligusa wanaume waliodhani ustaarabu ni suruali na ulevi, wakayaacha yale yaliyowapa Wazungu nguvu, nayo ni elimu na umoja. Hapo ndipo ninapoona alimfahamu Abduh barabara. Taklidi kwake ilikuwa na nyuso mbili: kumwiga babu, na kumwiga mkoloni. Zote zinatokana na uvivu mmoja. Surat Al-Baqara, aya ya 170, inawalaumu waliosema watafuata yale waliyowakuta nayo baba zao, hata kama baba hao hawakuwa wakifahamu kitu. Sheikh Al-Amin aliisoma aya hiyo akaona haimhusu mshirikina wa Makka peke yake. Iliingia mpaka mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa.

Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, alifanya kazi ambayo kila nyumba ya Mwislamu wa Afrika Mashariki inaijua. Mwaka 1969 ilitoka kamili Nairobi, kwa jina la Qurani Takatifu, tafsiri yake ya Kiswahili. Kabla yake kulikuwa na ya padri Godfrey Dale ya mwaka 1923, na ya Ahmadiyya ya mwaka 1953. Jambo hili linauma kulisema, lakini ni kweli: wa kwanza kuichapa Qur'ani nzima kwa Kiswahili alikuwa mmisionari. Wako wanazuoni wetu walioogopa kwamba mtu wa kawaida akiielewa aya kwa lugha yake ataifasiri anavyotaka. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo Qur'ani, katika Surat Muhammad aya ya 24, inawalaumu wasioizingatia, na haikusema kwamba lawama hiyo ni ya wanaojua Kiarabu pekee. Mama wa Kilwa aliyefungua kitabu cha al-Farsy akasoma mwenyewe haki zake katika mirathi, alipewa kitu ambacho hakuna tena mtu awezaye kumnyang'anya kwa kumwambia dini imesema.

Upande wa Bara Hindi alikuwapo mshairi na mwanafalsafa Muhammad Iqbal. Mihadhara yake ya Madras, Hyderabad na Aligarh, iliyochapwa mwaka 1930, ina fikra moja ambayo wengi huipita haraka. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, ni wa mwisho. Sisi tunaichukua itikadi hiyo kama ngao dhidi ya wanaodai unabii. Iqbal anatuonyesha mzigo uliomo ndani yake: wahyi umekamilika, kwa hiyo mwanadamu amefikia utu uzima. Hakuna tena mtu awezaye kusimama akasema nyamazeni, mimi nimeambiwa kutoka mbinguni. Kila anayedai jambo sasa ataombwa hoja. Ukiichukua fikra hiyo ukaja nayo kwetu, nusu ya biashara ya waganga wanaojiita masheikh, wauza hirizi na wapiga ramli wenye misahafu mezani, imeanguka.

Lakini ninayemwona alilichimba jambo hili chini zaidi ni Fazlur Rahman, mwanachuoni wa Pakistan aliyelazimika kuondoka nchini mwake mwaka 1968 kwa sababu ya ghasia zilizozushwa juu ya maandishi yake, akafundisha Chicago mpaka kifo chake mwaka 1988. Yeye alisema msomaji wa Qur'ani ana safari mbili. Ya kwanza, atoke zama zake aende zama za kushuka kwa aya, aelewe ilikuwa inajibu hali gani, na ilikuwa ikielekea lengo gani. Ya pili, arudi na lengo hilo mpaka zama zake, aitazame hali iliyo mbele yake kwa macho hayo.

Mfano upo, na sisi watu wa pwani unatuhusu kuliko wengine. Qur'ani haina aya moja isemayo utumwa umeharamishwa kuanzia leo. Lakini itazameni inaelekea wapi. Kumwacha huru mtumwa ni kafara ya kuua kwa kukosea, katika Surat An-Nisa. Ni fungu la zaka katika Surat At-Tawba. Mtumwa akitaka kujikomboa kwa mkataba, Surat An-Nur inaamrisha akubaliwe ikionekana ana kheri, tena apewe mali. Na Surat Al-Balad inataja njia ya mlimani, ile njia nzito ya wema, na la kwanza kutajwa humo ni kumkomboa mtumwa. Mtu mwenye akili, ile akili ya kuona kisha kujifunga, angesema nini baada ya kuyaona yote haya yakielekea upande mmoja?

Mwaka 1846 mtawala wa Tunis, Ahmad Bey, aliufuta utumwa nchini mwake. Balozi wa Uingereza alikuwa akimhimiza, hilo halifichiki. Lakini barua yake kwa wanazuoni ilijengwa juu ya hoja za sheria: kwamba kuna shaka kama watu wanaoletwa wanamilikiwa kihalali, na wengi wao wanatoka nchi ambazo Uislamu umekwisha kuenea, kwamba mabwana hawatimizi haki walizoamrishwa, kwamba dhara lazima lizibwe. Na wakuu wa wanazuoni wake wakaafiki. Kwetu je? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Sultan Barghash, Uingereza ikitishia kwa manowari. Hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, vilevile kwa shinikizo la mgeni. Misikiti ilikuwapo, darsa zilikuwapo, misahafu ilikuwapo, na Surat Al-Balad ilisomwa kwenye swala mbele ya watu waliomilikiwa. Hii ndiyo gharama ya kusoma bila kufikiri. Tulimwachia mgeni aje na mizinga kufanya jambo ambalo Kitabu chetu kilikuwa kikituelekeza kwa miaka zaidi ya 1200, kisha tukabaki bila jibu kila walipotutukana nalo.

Baadhi yenu mtaniambia: Je, hii miujiza ya sayansi tunayotumiwa kwenye simu siyo akili? Mlima huu umetajwa, bahari hii imetajwa, kilichogunduliwa jana kimo ndani ya aya fulani. Tantawi Jawhari wa Misri aliandika tafsiri ya juzuu 26 kwa njia hiyo, na tangu kitabu cha daktari Mfaransa Maurice Bucaille cha mwaka 1976 mtindo umeenea kila mahali. Nia zao naziheshimu. Jawhari hasa alitaka Waislamu waingie maabara. Lakini wanaosambaza hizi habari leo hawaingii maabara. Wanangoja mwingine agundue, ndipo waseme tulikuwa nayo. Na nadharia ikibadilika kesho, aya itakuwa imefungwa kwenye jahazi linalozama. Bi Aisha Abd al-Rahman, aliyejulikana kwa jina la Bint al-Shati, mwanamke aliyefasiri Qur'ani na kuheshimika katika vyuo vikuu, alisimama hadharani kuipinga njia hii. Alitaka aya isikilizwe kwanza kwa lugha yake na mpangilio wake. Namuunga mkono.

Na kuna hofu ya upande wa pili, ya wale wanaotaka mlango wa akili ufungwe kwa kitasa. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya Cairo ilimhukumu profesa Nasr Hamid Abu Zayd kuwa ameritadi kwa sababu ya maandishi yake juu ya Qur'ani, ikaamuru atenganishwe na mke wake. Wote wawili wakahamia Uholanzi. Mimi sikubaliani na mengi aliyoyaandika Abu Zayd. Lakini hoja hujibiwa kwa hoja. Ibrahim alipobishana na watu wake juu ya masanamu, katika Surat Al-Anbiya, walikiri ndani ya nafsi zao kwamba wamekosea, kisha wakaamua kumchoma moto. Qur'ani imetuhifadhia kisa hicho tujue ni upande gani huishiwa na maneno ukakimbilia kuni.

Walimu wa vyuo na madrasa mnaonisikiliza, kwenu ndiko ninakolipeleka ombi langu. Mnawahifadhisha watoto wetu Juzuu Amma, na Mwenyezi Mungu atakulipeni. Msiwaache waishie kwenye sauti. Mtoto akishaihifadhi sura, mpeni dakika kumi, elezeni inazungumza na nani, inaamrisha nini, kisha mwacheni aulize. Akiuliza swali gumu msimchape wala msimwambie anakufuru. Kama hamna jibu, semeni nitatafuta, na mkatafute. Kitabu cha Sheikh al-Farsy kipo, cha Sheikh Ali Muhsin al-Barwani kipo, na wazee wenye elimu bado wapo Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja. Anzeni Jumamosi hii, na Surat Al-Balad.